Serengeti Boys: tuhesabu mabao au tuhesabu wachezaji?

Jumapili ya Aprili 14, 2019, Nigeria walikwenda mapumziko wakiwaongoza 3-1 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, kwenye fainali za Afrika. Mechi ilikuwa inapigwa hapahapa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa, lakini mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda umiza Mbagala, na benchi la mbele lilishaanza kudai chaneli ibadilishwe. Kipindi cha pili kikaja na mambo yake. Kelvin John akapunguza, Morice Abraham akasawazisha kwa penalti, Edmund John naye akaweka penalti nyingine kambani. Tanzania 4, Nigeria 3, na yote hayo ndani ya dakika kumi tu. Watu wakakumbatiana bila kujuana majina. Halafu Nigeria wakarudi, wakafunga mawili, mpira ukaisha 5-4. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mlango, kofia mkononi, akasema, "Watoto wanajua kufunga hawa. Kuzuia nani atawafundisha?"

Sijapata kusikia uchambuzi wa redioni ulioigusa Serengeti Boys vizuri kuliko sentensi ile.

Mahesabu yake ni mafupi, kwa bahati mbaya. Serengeti Boys imecheza fainali tatu za Afrika hadi zile za Morocco 2025: Gabon 2017, za nyumbani 2019, na hizo za Morocco. Mechi tisa, ushindi mmoja, sare moja, vipigo saba. Kuna fainali nyingine mbili tulizofuzu bila kuzicheza. Za Gambia 2005 tuliondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na za Morocco 2021 zilifutwa kwa ajili ya korona baada ya vijana kupata nafasi kwenye mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, kule Rwanda. Kombe la Dunia, hadi hapo, tulikuwa tukilitazama kwenye televisheni.

Sasa hapo ndipo wadau wanapogawanyika. Wa upande mmoja wanasema timu ya vijana haikuundwa kuleta vikombe. Kazi yake ni kuzalisha wachezaji, kwa hiyo pima waliotoka, usipime ubao wa matokeo. Na ushahidi wanao. Nahodha wa 2017, Dickson Job, alipitia Mtibwa Sugar akaenda kuwa beki wa Yanga na Taifa Stars. Kibwana Shomari alipita njia hiyohiyo mpaka Jangwani, kwa Yanga. Katika kikosi cha 2019, ambacho kilipoteza mechi zote tatu, Kelvin John alichukuliwa na Genk ya Ubelgiji na baadaye akahamia Denmark, Morice Abraham akaenda Serbia kabla ya kurudi kuichezea Simba. Kwa kipimo hicho, timu iliyofungwa na Nigeria, Uganda na Angola ndani ya siku chache ilifanya kazi yake.

Hoja hiyo naikubali zaidi ya nusu. Kocha wa watoto akiambiwa lazima ashinde, anajua la kufanya: anaacha kitoto chenye akili ya mpira, anachukua lijitu lenye kifua. Tumeyaona hayo mpaka kwenye mashindano ya shule.

Kinachonisumbua ni namna hoja inavyotumika. Kila tukipigwa, "tunajenga". Tukishinda, hakuna anayesema tunajenga. Viongozi wanapanga foleni ya kupiga picha. Mwaka 2018 vijana walipotwaa ubingwa wa CECAFA kule Burundi, hakuna aliyesema matokeo hayana maana. Huwezi kuwa na mizani inayosoma upande mmoja tu.

Tuyaangalie basi matokeo yenyewe, maana yanasema jambo ambalo orodha ya waliokwenda Ulaya haisemi. Mwaka 2019 tulifunga mabao sita katika mechi tatu. Sita! Timu nyingi zinafika nusu fainali kwa mabao machache kuliko hayo. Lakini tulifungwa kumi na mawili: matano na Nigeria, matatu na Uganda, manne na Angola. Rudi 2017: tulifunga mawili tu, tukafungwa mawili. Sare ya 0-0 na Mali, ambao ndio waliobeba kombe, ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola, kisha 0-1 na Niger. Tukalingana pointi nne na Niger, wao wakapita kwa sababu walitufunga. Sare tu siku ile ingetupeleka nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia nchini India.

Tofauti ya vikosi hivi viwili, kwa macho yangu, si vipaji. Cha 2019 mbele kilikuwa kikali zaidi. Lakini mshambuliaji anaweza kuzaliwa mtaani, akajifunza chenga kwenye chandimu, akafika timu ya taifa akiwa tayari ameiva. Safu ya ulinzi haizaliwi mtaani. Beki wa kulia kujua mwenzake wa kati akipanda yeye abaki, kiungo kujua mpira ukipotea akimbilie wapi, hayo yanakuja kwa kukosea mara nyingi kwenye mechi za kweli, mkiwa walewale. Kikosi cha kocha Bakari Shime cha 2017 kilikaa pamoja muda mrefu. Kilikwenda Goa, India, mwaka 2016, kikacheza na vijana wa Marekani, Korea Kusini na Malaysia, kikapita Shelisheli na Afrika Kusini katika kufuzu, na kilipofika Gabon mabeki walikuwa wanajuana hata kwa kikohozi.

Atakayenipinga atasema hapo nimejifunga mwenyewe. Kambi ndefu ni ghali, kwa kikosi kile ilibidi iundwe hadi kamati ya hamasa ya kuchangisha fedha, na mtoto wa miaka 16 anayeishi kambini mwaka mzima anakosa shule. Ni kweli. Kambi ni dawa ya kupunguza homa. Nchi ambayo vijana wake wana ligi ya kila wiki haihitaji kuwafungia mahali ili wajuane.

Na wapo wanaosema tatizo ni vijeba. Kwamba wenzetu wanaleta wanaume wenye watoto nyumbani, sisi tunapeleka wanafunzi. Hili nalo lina historia, ila historia yake inatukata pande zote. Mwaka 2005 walioondolewa ni sisi. Miaka 12 baadaye ikawa zamu yetu kunufaika: Congo Brazzaville walitutoa kwa bao la ugenini, baada ya 3-2 Dar na 0-1 kwao, tukakata rufaa juu ya mchezaji wao mmoja. Akaitwa kupimwa, hakutokea, Congo wakang'olewa, sisi tukapanda ndege ya Gabon. Hata fainali zile za Dar ziliacha kesi: Guinea waliomaliza wa pili walinyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia, ikaenda Senegal, kwa sababu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wao wawili hazikulingana na walizotumia kwenye mashindano ya awali nchini Japan.

Kwa hiyo ujanja upo. Lakini kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kinachoangalia kama mifupa imeshaungana, kimepunguza nafasi yake. Sudan Kusini waliondolewa mlangoni mwa fainali za 2023 baada ya wachezaji wao kushindwa kipimo hicho. Hakimnasi kila kijeba, sawa. Ila sidhani kama ujanja huo ndio unaoeleza kwa nini Uganda, majirani ambao watoto wao wanakula matoke na kulala saa tatu kama wetu, wametufunga 3-0 mwaka 2019 na 3-0 tena mwaka 2025. Katika kundi lile la Morocco sisi tulimaliza mkiani bila pointi. Uganda wakamaliza wa tatu, wakashinda mechi ya mchujo, wakaenda Kombe la Dunia Qatar na huko wakaifunga Ufaransa.

Kabla sijaambiwa kwamba mpira wa Afrika ya Mashariki una mipaka yake, nikumbushe kwamba Ufaransa tulishaifunga na sisi. Walioifunga ni dada zao Serengeti Boys. Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17, Kombe la Dunia la 2022 nchini India: walianza kwa kuchapwa 4-0 na Japan, wakaamka, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakatinga robo fainali ambako Colombia waliwatoa kwa 3-0. Kocha? Bakari Shime, yuleyule wa Gabon. Kulinganisha moja kwa moja si haki, maana ushindani wa wasichana barani bado haujasongamana kama wa wavulana. Hata hivyo kuna kitu kimoja siwezi kukiruka: baadhi ya mabinti wale walikuwa tayari wanacheza Ligi Kuu ya Wanawake, wiki hadi wiki, wakigongana na wanawake wazima. Japan waliwafunga manne, lakini hawakuwashangaza kiasi cha kuwavunja.

Mvulana wa miaka 16 nafasi hiyo hana. Ligi Kuu haimtaki bado, na klabu ikimchukua inamweka kwenye kikosi cha vijana cha chini ya miaka 20, ambako naye ni mdogo. Ana Umisseta, michezo ya shule za sekondari, ikiwa shule yake imepita wilaya. Ana bonanza. Waliobahatika wana akademi kama ya Azam pale Chamazi au Alliance kule Mwanza. Vituo vya shirikisho la soka, TFF, vya Kigamboni na Tanga ni hatua nzuri, sikatai, ila kiwanja kizuri bila ratiba ya mechi ni sawa na daladala mpya isiyo na ruti.

Jirani yangu ana kijana wa miaka 15, beki wa kati, mguu wa kushoto, mrefu, mtulivu mpaka anakera. Wiki iliyopita nilimkuta uwanjani peke yake anapiga mpira ukutani, viatu vimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nikamuuliza mechi yake ya mwisho ilikuwa lini. Akafikiria. Kabla ya mfungo, akasema. Na inayofuata?

"Mwalimu kasema tusikilizie."