Pochi ya Lucy Ricardo

Lucy Ricardo ameandika hundi ilhali kwenye akaunti hamna kitu. Nyuma ya hundi hiyo amemwandikia karani wa benki maneno mawili matatu ya kumbembeleza asiipitishe mpaka mwezi ujao. Benki imeirudisha, sasa iko mkononi mwa Ricky mumewe, na nyumba inawaka moto. Mume analalamika kwamba mke anajua kutumia tu, hajui pesa inavyotafutwa. Mke naye anajibu kwamba mume hajui nyumba inavyoendeshwa. Jirani zao, Fred na Ethel Mertz, wanavutwa kwenye ugomvi huohuo, na mwisho wanakubaliana kwamba kwa wiki moja wanaume watakaa jikoni, wanawake waende kutafuta riziki.

Sehemu hiyo ya I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha televisheni, ilirushwa na kituo cha CBS huko Marekani tarehe 15 Septemba 1952. Hata asiyejua jina la kipindi huenda amekutana na kipande chake kwenye simu. Lucy na Ethel wako kiwandani wakifunga chokoleti kwa karatasi, chokoleti zinapita mbele yao juu ya mkanda wa mashine, na msimamizi amewaonya kwamba ikipita hata moja bila kufungwa, kazi hawana. Mkanda unaongeza kasi. Wanazitupia mdomoni, wanazitia kifuani, wanazificha ndani ya kofia. Msimamizi anarudi, anakuta mkanda hauna kitu, anawasifu, kisha anapaza sauti mashine iongezwe mwendo.

Kicheko hicho kimegombaniwa kwa miaka mingi. Wapo wanaosema kipindi kile kilikuwa darasa la kumrudisha mwanamke jikoni: kila wiki Lucy anatamani kitu, kila wiki anaharibu, analia kwa sauti, anasamehewa, maisha yanaendelea kama jana. Wengine wanasema kinyume kabisa. Kwao Lucy ni mwanamke asiyekubali hapana, kila wiki anakatazwa na kila wiki anajaribu tena, na hilo ndilo watazamaji walilomfuatia. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa upande huu wa pili bila kujiuliza. Aliyenitikisa ni shangazi yangu, na nitamfikia.

Kwanza tuwape haki yao wanaolalamika, kwa sababu wana ushahidi mwingi. Kipindi kilianza Oktoba 1951 kikaisha Mei 1957, sehemu 180. Ricky, kiongozi wa bendi aliyetoka Kuba na anayepiga muziki katika klabu ya Tropicana mjini New York, hataki mkewe apande jukwaani. Anataka mke wa kumletea sapatu, kumpikia na kumlelea watoto, na hafichi. Miaka michache tu kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wa Marekani walikuwa viwandani wakiunda ndege na kuchomelea meli. Vita vilipokwisha wakaambiwa warudi majumbani, wanaume wamerejea na kazi zao wanazitaka. Halafu televisheni ikaingia sebuleni ikiwaonyesha mwanamke mwenzao akitoka nje kutafuta kazi na kurudi amepakwa chokoleti usoni. Siwezi kusema huo ulikuwa mchezo mtupu usio na maana.

Chukua sehemu ya Mei 1952, ile ya dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Vitameatavegamin. Lucy anajipenyeza kwenye tangazo ambalo Ricky hakutaka alifanye. Dawa ina kileo asilimia 23, kila mazoezi yanataka kijiko kimoja, mazoezi ni mengi, na taratibu ulimi unaanza kuteleza. Lucille Ball, mwigizaji wa Lucy, pale anafanya kazi ambayo waigizaji wachache sana duniani wangeiweza: uso unakunjamana kwa kijiko cha kwanza, unalegea kwa cha tatu, na baadaye anakitaka mwenyewe. Lakini ukiondoa ufundi huo ukaisoma hadithi peke yake, inasema mume alikuwa sahihi, angekaa nyumbani.

Na kuna jambo ambalo mimi sina utetezi nalo hata kidogo. Katika sehemu kadhaa Ricky anamlaza mkewe magotini na kumchapa kama mtoto, na hadhira inacheka. Tunaambiwa zama zilikuwa hizo. Sawa, zilikuwa hizo. Lakini na sisi tumekulia kwenye vichekesho vyetu ambamo mke akinaswa kofi watu wanaangua kicheko, na ninajua watoto tuliokuwa tumekaa mkekani tulikuwa tunajifunza nini.

Sasa upande wa pili. Katika wiki ile ya kubadilishana kazi, kamera haiachi kutuonyesha jikoni. Ricky anataka kupika wali wa kuku kama wa kwao Kuba, anapima mchele ratili moja kwa kila mtu, na watu ni wanne. Mwenye kujua mchele ameshajua mwisho wake. Wali unafumuka, unainua kifuniko, unamwagika jikoni kote, na wanaume wawili wazima wanateleza juu yake. Aliyesema nyumba ni kazi nyepesi amezama ndani ya sufuria yake mwenyewe. Mwishoni waume wanakiri wameshindwa.

Au tazama sehemu ya kujifungua, tarehe 19 Januari 1953. Lucille Ball mwenyewe alijifungua siku hiyohiyo, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 44, wengi kuliko walioangalia kuapishwa kwa Rais Eisenhower kesho yake. Uoga wa wakati ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba neno lenyewe la mimba halikuruhusiwa kutamkwa kwenye kipindi, na maandishi yalipitiwa na kasisi, mchungaji na rabi. Na hadithi ikaendaje? Ricky, Fred na Ethel wamefanya mazoezi ya safari ya hospitali mpaka kila mmoja anajua zamu yake: nani anapiga simu, nani anabeba sanduku. Lucy anatokea, anasema kwa utulivu kwamba wakati umefika. Wote watatu wanachanganyikiwa, wanagongana, wanatoka mbio na sanduku, na Lucy wamemwacha ndani. Mwenye akili timamu katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na uchungu.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mmoja wa watunzi watatu wa mwanzo alikuwa mwanamke, Madelyn Pugh, na ilikuwa kawaida yake kuyajaribu mwenyewe yale mambo ya hatari kabla Lucille Ball hajapewa ayafanye, ili kuona kama mwili wa mwanamke utaweza. Mtu aliyekaa na hadithi kwa karibu hivyo hakuwa akimwandika Lucy ili tumdharau.

Kuna pia suala la Ricky mwenyewe, ambalo wanaolalamika hulipita haraka mno. Ndani ya nyumba ndiye bwana mkubwa. Akifungua mlango akatoka, ni mgeni mwenye lafudhi. CBS walikuwa na wasiwasi kama Wamarekani wangekubali mke wa Kimarekani na mume Mkuba, ingawa Lucille Ball na Desi Arnaz, mwigizaji wa Ricky, walikuwa wameoana kweli tangu 1940. Ilibidi mwaka 1950 wazunguke majukwaani pamoja kuthibitisha kwamba watu watawapenda. Kwenye kipindi ikawekwa kanuni kwamba Lucy peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuicheka lafudhi ya mumewe. Sisi tuliokulia Kenya tulikuwa na wanandoa wetu, Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC. Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang na kutuaga mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyetuchekesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, kwa hiyo yeye lafudhi aliivaa na kuivua. Desi Arnaz, mzaliwa wa Santiago de Cuba, alikuwa anakwenda nayo nyumbani. Kila Lucy anapomrudishia Ricky neno alilolitamka vibaya, na Ricky anapolipuka kwa Kihispania mfululizo, naona watu wawili ambao kila mmoja ana mahali anapodharauliwa, na wanajuana hapo hapo.

Nilimwekea shangazi sehemu ya chokoleti sebuleni kwake Kisauni, Mombasa, jioni moja baada ya yeye kumaliza kuuza. Shangazi anauza mahamri na viazi karai kwa miaka mingi. Kiingereza hakimhusu, nami sikutaka kumtafsiria. Mkanda ulipoanza kukimbia alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Kisha akanyamaza, akasogea mbele kwenye kiti.

"Mwanangu, hapo pana kazi ya watu wanne," akasema. "Huyu mama anayewapigia kelele anajua."

Sikuwahi kuliona hilo. Nimekitazama kipande kile mara nyingi nikiamini ninaangalia wanawake wawili wasioiweza kazi. Mtu ambaye mikono yake inakata na kukunja unga tangu alfajiri aliona mara moja mashine iliyowekwa mwendo usiowezekana. Ilipofika mwisho, waume wamekiri na kuwaletea wake zao zawadi, boksi kubwa la chokoleti, na sisi tunatakiwa kucheka kwa sababu chokoleti ndicho kitu wasichotaka tena kukiona. Shangazi hakucheka. Aliuliza, "Na mshahara wao wa ile siku?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo kila nikiangalia kipindi hiki nauliza swali lake, na kila nikiuliza narudi kwenye ile hundi. Lucy hana pesa yake. Ana ya kuomba na kupewa, na akikosea hesabu anafokewa kama mtoto wa shule. Hila zake zote, vazi la kujibadilisha, uongo mdogo, kuingia klabuni kwa mlango wa nyuma, zifuatilie nyuma hatua kwa hatua utakuta zimeanzia kwenye pesa au kwenye ruhusa. Mwenye pochi yake hahitaji kumbembeleza karani wa benki.

Hapo ndipo sehemu moja ya mwaka 1954 inaponifanya nisikubaliane na kambi yoyote moja kwa moja. Ricky ameajiri msimamizi wa pesa za nyumba, na msimamizi baada ya kupiga hesabu zake anamwachia Lucy dola 5 za mwezi mzima. Lucy anafanya nini? Dukani anakopesheka. Anawanunulia majirani mahitaji yao kwa daftari la deni, wao wanamlipa taslimu, na pesa inabaki mkononi mwake. Wanawake wa mitaani kwetu wangemwelewa bila maelezo. Ricky anakuta noti nyingi pamoja na kikaratasi cha kununua bidhaa fulani kimeandikwa kwa mkato. Kilikuwa chakula cha mnyama wa kufugwa wa jirani. Yeye anasoma hisa za kampuni ya mafuta ya Kanada, anakwenda kuzinunua, na anapata faida.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi kichwani. Mwanamke anazungusha pesa kwa akili zake na tunaambiwa huo ni ujanja wa kitoto. Mwanamume anasoma vibaya karatasi ya chakula cha mnyama, anatajirika, na anatembea kifua mbele. Watunzi walijua walichokiandika. Waliuona ugonjwa sawasawa, tena mapema kuliko wengi, na hiyo ndiyo sababu siwezi kukiita kipindi hiki darasa la utii. Lakini karibu kila mara neno la mwisho walimpa Ricky, na hapo wanaolalamika wananipata.

Wapo wanaoufunga mjadala kwa kutaja yaliyokuwa nyuma ya kamera. Lucille Ball na Desi Arnaz walianzisha kampuni yao, Desilu, mwaka 1950. Walitaka kurekodi kwa filamu Hollywood badala ya kurusha moja kwa moja kutoka New York, gharama zikapanda, wakakubali kupunguziwa malipo ili filamu zibaki mali ya kampuni. Marudio yakaja kuwa mgodi. Haki isemwe, akili ya biashara hapo ilikuwa sana ya Desi. Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Lucille aliwasilisha ombi la talaka siku moja baada ya wao kurekodi pamoja kwa mara ya mwisho. Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi kwa dola milioni 2.5 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani, studio iliyotoa Star Trek, na mwaka 1967 akaiuza kwa Gulf+Western kwa dola milioni 17.

Ni habari inayonifurahisha kila nikiisimulia. Ila mama aliyekaa sebuleni mwaka 1953 hakuiona. Yeye alimwona Lucy Ricardo akisubiri kusamehewa, na kama kuna kitu alichokipata pale kilitoka kwenye ule uso, ule ukaidi wa kuanza upya wiki ijayo. Nadhani kilikuwa kitu kikubwa. Nadhani pia alistahili kuoneshwa, japo mara moja, Lucy akilipwa.

Wiki mbili baada ya jioni ile zamu ya chama, kile cha kuchangishana pesa, ilimwangukia shangazi. Alinunua karai la pili na kumwita binti wa jirani waanze kukaanga pamoja, kwa siku anamlipa mkononi, jioni kabla hajavua leso.