Jaza oktani iliyoandikwa na kiwanda

Anayejaza petroli ya 98 kwenye gari lililotengenezwa kwa 91 anatupa pesa. Anayejaza 91 kwenye gari linalodai 98 anaimaliza injini yake kidogo kidogo, na huenda asijue mpaka pistoni ipasuke. Makosa yote mawili yanatokana na imani moja, kwamba namba kubwa kwenye pampu ni petroli bora na namba ndogo ni petroli duni. Imani hiyo inanikera kwa sababu inauzwa kwa makusudi. Pampu ya namba kubwa hupewa jina la kishujaa na rangi ya dhahabu, na dereva anaondoka akiamini amelizawadia gari lake.

Oktani hupima jambo moja tu: petroli inavyostahimili kubanwa na kupata joto bila kujiwasha yenyewe. Kipimo kimejengwa juu ya kemikali mbili, iso-oktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Petroli ya 95 ni ile ambayo, kwenye injini ya majaribio, inagonga (yaani inajiwasha yenyewe) sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 za iso-oktani na asilimia 5 za heptani. Namba hiyo haikuambii petroli ni safi kiasi gani, wala kama ina viambato vya kusafisha nozeli. Haikuambii hata nguvu iliyomo: ukichoma lita ya 91 na lita ya 98, joto utakalopata linakaribiana mno.

Tuingie ndani ya silinda. Plagi ikitoa cheche, moto huanzia hapo na kusambaa kuelekea kuta. Wakati unasambaa, mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko pembeni, ambao moto haujaufikia, unazidi kubanwa na kuchemka. Oktani ikitosha, moto unaufikia na kuuchoma kwa utaratibu. Isipotosha, ule wa pembeni unalipuka wenyewe kwa mkupuo mmoja. Mawimbi ya mgandamizo yanapiga kuta za silinda, nawe unasikia mlio mkavu wa harakaharaka, kama misumari midogo inayotikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kupanda mlima ukiwa gia ya nne na mwendo mdogo. Mawimbi hayo ndiyo yanayoleta hasara. Yanabandua utando mwembamba wa gesi unaoikinga alumini ya pistoni, joto linaingia moja kwa moja, ukingo wa pistoni unachimbika, mbavu zinazoshika ringi zinavunjika na gasketi ya hedi inachoka. Fundi akifungua plagi akakuta vitone vya kung'aa juu ya kauri nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni. Hapo hakuna tena mjadala wa namba ya petroli. Ni kufungua injini.

Usiuchanganye mlio huo na wa beringi. Mlio wa petroli huja injini ikibeba mzigo na hukatika papo hapo ukiachia pedali. Beringi za konrodi hugonga kwa sauti nzito, huendelea hata bila mzigo, na mara nyingi huzidi oili ikipata moto. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi injini ikiwa baridi na kunyamaza ikishapata joto. Kumbadilishia namba ya petroli mtu ambaye beringi zake zimekwisha ni kumpotezea muda.

Magari mengi ya kisasa yana sensa iliyofungwa kwa bolti kwenye bloku, inayosikiliza mtetemo huo. Ikiusikia, kompyuta ya injini inarudisha taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, nyuma kwa digrii chache, kisha inaisogeza mbele tena polepole ikipima. Sensa hii ndiyo inayowafanya watu waseme, "Mbona mimi najaza 91 miaka yote na gari linatembea?" Linatembea, ndiyo. Lakini cheche ikichelewa, petroli inaungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, sehemu ya joto inakimbilia kwenye ekzosi, nguvu inapungua, na unakanyaga zaidi kupata mwendo uleule. Penye turbo, kompyuta hupunguza pia shinikizo la hewa. Halafu sensa haizuii mlipuko wa kwanza. Lazima ugonge ndipo isikie. Injini inayoishi kwa kujitetea hivyo kila safari haikukusudiwa kuishi hivyo.

Upande wa pili, injini iliyopangiwa 91 haina cha kufanya na 98. Taimingi yake imewekewa mwisho, na ikishafika hapo haisogei hata ungeimiminia petroli ya ndege. Mwaka 2016 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilijaribu petroli ya bei ya juu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida na hakikuona faida ya maana, si kwa nguvu, si kwa matumizi, si kwa moshi. Mwaka uliofuata kikajaribu magari ambayo kiwanda kinapendekeza namba ya juu bila kuilazimisha: matumizi yaliboreka kwa wastani wa asilimia 2.7 na nguvu kwa asilimia 1.4. Piga hesabu mwenyewe. Kama tofauti ya bei kwenye pampu inazidi asilimia hizo, hailipi, isipokuwa unavuta tela au unapanda milima na mzigo.

Kwa hiyo soma kilichoandikwa. Kipo ndani ya kifuniko cha tangi na kwenye kitabu cha gari, na kina mambo matatu ya kuangalia, ingawa wengi husoma moja tu. La kwanza ni namba. La pili ni neno linaloandamana nayo: "lazima" au "angalau" ni amri, "inapendekezwa" ni hiari yenye gharama ndogo. La tatu ndilo linalowaangusha hata mafundi wazuri, nalo ni mfumo wa kipimo. Sehemu kubwa ya dunia hutumia RON, oktani inayopimwa katika mazingira mepesi. Marekani hutumia AKI, ambayo ni wastani wa RON na MON, na MON hupimwa katika mazingira magumu zaidi kwa hiyo huwa ndogo. Petroli ileile inayoitwa 87 Marekani ni takriban 91 au 92 kwa RON. Ya 91 ni takriban 95 au 96. Ya 93 inakaribia 98. Mtu aliyenunua gari la Kimarekani linalodai 91, akasimama kwenye pampu ya RON akajaza 91, yuko chini kwa karibu namba nne au tano na hajui.

Magari ya Kijapani yanastahili aya yake. Kiwango cha huko kinataka petroli ya kawaida iwe angalau RON 89 na ile ya juu angalau 96. Kwa hiyo gari ambalo kibandiko chake kinasema レギュラー, yaani la kawaida, limetosheka na 91, na hizo namba nyingine zote unazoongezewa ni za muuzaji. Likiandikwa ハイオク, yaani la oktani ya juu, lijaze 98 ikipatikana. 95 iko chini kidogo ya kiwango lilichopangiwa. Linaweza kwenda nayo kwa utulivu, bila kukanyaga pedali mpaka chini. 91 usilijaze. Piga picha maandishi hayo kwa simu uyalinganishe na haya mawili. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna fundi atakayekuambia, "Niambie kompresheni ya injini, yaani inabana hewa mara ngapi, nitakuambia petroli." Kwa injini za zamani kanuni hiyo ilisaidia. Sasa haitoshi. Mazda waliiuza Skyactiv-G Ulaya ikiwa na kompresheni ya 14:1 kwa petroli ya RON 95, na Marekani wakaishusha hadi 13:1 ili itumie petroli ya kawaida ya huko. Toyota Prius ya lita 1.8 ina 13:1 kwenye karatasi na inatumia petroli ya kawaida, kwa sababu vali za kuingiza hewa huchelewa kufungwa na hewa inayobanwa hasa ni kidogo. Wakati huohuo injini ndogo ya turbo yenye 9.5:1 inaweza kudai 95 au zaidi, maana turbo imeshaibana hewa kabla haijaingia. Anayejua hesabu zote hizo ni aliyeipanga injini, na ameshakuandikia jibu kwenye kifuniko.

Pale ambapo namba ni sahihi na bado injini inagonga, usikimbilie kupandisha oktani. Tafuta kilichoifanya injini idai zaidi. Masizi ya kaboni juu ya pistoni hupunguza nafasi na hubaki na joto. Rejeta iliyoziba au thamostati inayofunguka nusu hupandisha joto la hedi. Vali ya EGR (inayorudisha gesi ya ekzosi silindani) iliyoganda ikiwa imefungwa huondoa gesi iliyokuwa ikipoza uunguaji. Nozeli iliyoziba au mpira wa hewa uliopasuka hufanya mchanganyiko uwe na petroli haba. Plagi za joto kubwa kuliko zilizoagizwa hubaki zimewaka ncha. Mafuta ya injini yanayopenya kupitia ringi au sili za vali yana oktani ndogo sana, na kiasi kidogo tu kinaiangusha ile ya petroli. Namba ya juu itafunika dalili hizi kwa muda, na huo ndio ubaya wake.

Chunguza pia petroli yenyewe, hasa kama kugonga kulianza mara tu baada ya kujaza. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, oktani yake imeporomoka, na yale mafuta ya taa yasiyoungua yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi uiache ikauke kivulini. Petroli nzuri huondoka karibu bila alama. Ikibaki doa la mafuta, hama kituo. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukushtua.

Gari la kabureta na distributa halina sensa ya kulilinda, hivyo wewe ndiye sensa. Likipata joto kamili, tembea kama kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya juu kabisa, kisha kanyaga pedali yote. Likigonga kidogo na kunyamaza mara moja, liko sawa. Likiendelea kugonga, legeza bolti ya distributa, chomoa mpira wa vakyumu na kuuziba kama kitabu kinavyoelekeza, kisha zungusha mwili wa distributa kuelekea upande ule ule rota inakozungukia, digrii 2 kwa mara moja ukipima kwa taa ya taimingi. Kaza, rudisha mpira, jaribu tena. Usirudishe nyuma kupita kiasi, utalifanya lichemshe na kunywa.

Chupa za kuongeza oktani sizipendekezi. Nyingi huandika "pointi", na pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba ya oktani: chupa inayoahidi pointi 8 inaitoa 91 hadi 91.8. Zenye manganizi huacha vumbi jekundu kwenye plagi. Zenye ferosini huacha oksidi ya chuma inayopitisha umeme, na gari linaanza misi, yaani plagi inakosa kuwasha. Pesa hiyo hiyo inanunua seti ya plagi sahihi.

Wenye injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja silindani wana adui mwingine, ule mlipuko mmoja mzito unaotokea mzunguko ukiwa chini, kama 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, pedali ikiwa chini. Kupandisha oktani hakuutibu. Dawa yake ni oili yenye alama ya API SP (daraja la ubora linaloandikwa kwenye kopo la oili), na kushuka gia kabla ya kukanyaga.

Na ikitokea umejaza namba ndogo kimakosa, usihangaike kumwaga tangi isipokuwa injini inagonga hata kwa mwendo wa upole. Endesha bila kukanyaga sana, weka mzunguko juu ya 2,000, usivute mzigo, na tangi likifika nusu ongeza namba ya juu. Mchanganyiko unakadirika kwa hesabu ya kawaida: lita 20 za 91 na lita 30 za 95 ni (20 × 91 + 30 × 95) ÷ 50, yaani takriban 93.4. Kompyuta itaisogeza taimingi mbele yenyewe. Kama baada ya matangi mawili ya petroli sahihi gari bado halivuti, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya injini. Ukikuta P0325 au P0327, ambazo ni kodi za ile sensa ya mtetemo, angalia waya wa sensa na kiunganishi chake, kisha jinsi sensa ilivyofungwa: nyingi zinataka kukazwa kwa takriban Nm (nyutoni-mita) 20 juu ya chuma kisafi, bila kuwekewa washa chini yake. Iliyokazwa kwa kukisia husikia vibaya, na itairudisha taimingi nyuma hata ukijaza 100.