Ile ilikuwa chai

Najua ile video yangu nikiwa na suruali imelowa mmeshaiona. Jamaa yangu ameirusha kwenye magrupu yote, mpaka la ukoo, shangazi kanipigia toka Korogwe kunipa pole. Basi niseme na upande wangu kabla hajaongeza chumvi. Moja, sikuzimia. Mbili, suruali ililowa chai. Chai ya tangawizi, tena ya moto. Tutarudi hapo.

Mnaijua ile programu yetu huria ya hesabu za vikoba, na mnamjua bundi wake, yule maskoti, yaani mnyama wa nembo. Nilimchora mimi. Nilimpenda kwa kuwa halali usiku, kama sisi tunaokesha na kompyuta. Sasa akina mama wa kikoba kimoja Mbagala wakaifungua, wakamkuta bundi anawatumbulia macho juu ya salio lao. Mweka hazina akazima simu, akasema pesa za watu haziwekwi kwa mchawi. Wakarudi kwenye daftari. Ndiyo Jumamosi jioni tukaitana Sinza kujadili maskoti: bundi abaki au aende zake.

Nilijiandaa kama wakili. Nikachapisha bango la kitambaa, bundi mkubwa kama mlango, elfu arobaini zangu, nikalibandika ukutani kwa selotepu. Nikawashushia historia. Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ina pengwini wake Tux, kachorwa na Larry Ewing 1996. Na 2009 walimpumzisha kwa toleo moja, 2.6.29, wakamweka shetani wa Tasmania, ili watu wajue kwamba mnyama yule anamalizwa na saratani ya uso. Shetani, jamani, na kompyuta ziliendelea kuwaka! Dada mmoja wa kambi ya pili akanijibu taratibu: FreeBSD, mfumo mwingine huria, nao wana kashetani kao kenye uma, lakini 2005 walishindanisha nembo mpya, likashinda tufe jekundu lenye vipembe tu. "Hata wao waliusoma mchezo, kaka." Makofi.

Hapo nikapandwa na mori. Nikanyanyua kikombe changu cha chai, nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikauliza kwa sauti ya mhadhiri: "Nani humu ndani amewahi kudhuriwa na bundi? Anyooshe mkono!"

Umeme ukakatika.

Giza totoro. Feni ikazunguka kivivu, kwii, kwii, ikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akasema "Subhanallah," polepole, kama amemwona. Nikajiambia tulia, wewe msomi. Nyuma yangu nikasikia krrrr. Kama kucha juu ya bati. Kimya. Krrrr tena, safari hii usawa wa sikio. Halafu kitu kipana, laini, kikanigusa kisogo, kikanishukia mabegani, kikanikumbatia kwa mabawa yote mawili.

Mnielewe, mimi nimelelewa na bibi Tanga, na bibi hakuwa akimtaja ndege yule kwa jina baada ya magharibi. Nilitoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "BIBI NIMEACHA! NIMEACHA BIBI!" Nimeacha nini? Mpaka leo sijui. Kikombe kikapinduka, kikamwagikia pale pale mnapopaona kwenye video (rudieni kutazama, mvuke unaonekana!). Nikakimbia na bango kichwani, nikauvaa mlango. Nikarudi nyuma, nikauvaa tena. Ule mlango unafunguliwa kwa kuvuta.

Wakawasha tochi za simu, na video inaanzia hapo: bundi mwenye miguu ya binadamu anapigana na mlango huku anasoma dua, katikati akikosea.

Umeme ukarudi, nikaazimwa kanga, tukapiga kura. Maskoti sasa ni kobe. Bundi alipata kura moja tu, ya yule dada, anasema alinionea huruma.

Yangu ilienda kwa kobe.