Simu katika ziara za jiografia: inapomsaidia mwanafunzi na inapomfumba macho

Mjadala kuhusu simu janja katika ziara za masomo ya jiografia mara nyingi huanza na hofu kwamba wanafunzi watatumiana ujumbe badala ya kujifunza. Hofu hiyo ina msingi, lakini mwalimu aliyeandaa kazi ya kutosha huimudu bila taabu. Swali zito zaidi ni kazi ipi afanye mwanafunzi mwenyewe na ipi iachiwe simu, kwa kuwa anakwenda nje ya darasa ili ajifunze kuisoma ardhi kwa macho yake.

Tuchukue kundi linalopima mto. Kwa utaratibu wa zamani, kina, upana na kasi ya maji huandikwa kwenye karatasi iliyokwisha kuloa, hesabu hufanywa darasani siku kadhaa baadaye, na hapo ndipo hugundulika kwamba mtu aliandika kina cha mita 42 badala ya sentimita 42, ilhali hakuna tena nafasi ya kurudi mtoni. Vipimo hivyohivyo vikiingizwa katika fomu iliyo kwenye simu, programu huzidisha eneo la mkato wa mto (upana mara kina) kwa kasi ya maji na kuonyesha papo hapo ujazo unaopita kwa sekunde, kwa hiyo kosa huonekana wanafunzi wakiwa bado wamesimama majini, nao hupima upya. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande unaounga mkono simu, kwani mwanafunzi hujifunza kuzitilia shaka takwimu zake wakati shaka hiyo ingali na faida.

Shaka hiyo inapaswa kuielekea simu pia. Serikali ya Marekani, inayoendesha GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali, inaeleza kwamba simu janja kwa kawaida huonyesha mahali ilipo kwa usahihi wa takriban mita 4.9 penye anga wazi, na hali huwa mbaya zaidi chini ya miti au kando ya majengo, ambako mawimbi ya setilaiti huzuiwa au hugonga kuta na kupotoka. Mwanafunzi anayepima kijito chenye upana wa mita 3 anaweza basi kuonekana ng'ambo ya pili. Dira ya simu nayo hupotoshwa na chuma au sumaku iliyo karibu, hata ile ya kifuniko cha simu yenyewe. Asiyeyajua haya hunakili latitudo yenye tarakimu sita baada ya nukta na kuiamini yote. Simu nne zikiwekwa juu ya jiwe moja na usomaji wake ukalinganishwa, somo hilo huingia kwa dakika chache.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haihusu usahihi. Mtu mwenye ramani ya karatasi hulazimika kuinua macho, kutafuta kilima, kulinganisha mteremko na msongamano wa kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, kisha kuamua yuko wapi, na huenda akakosea mara mbili kabla ya kupata. Nukta ya buluu kwenye simu humpa jibu kabla hajauliza. Picha nayo hubeba kila kitu kwa usawa, wakati anayechora mandhari kwa penseli hana budi kuchagua: ukingo unaoliwa na maji uko wapi, mchanga umetuama upande gani wa kona, na kwa nini huko.

Kwa hiyo ningependa simu zibaki mkobani kwa dakika 20 za kwanza, wanafunzi wachore, kisha itolewe simu moja kwa kila kundi, isiwe mikononi mwa mwenye nayo peke yake wengine wakichungulia begani. Ramani ipakuliwe mapema, maana kipokezi cha GPS hakihitaji intaneti ilhali ramani nyingi huihitaji. Picha ipigwe kutoka palepale mchoro ulipochorwa, na jioni viwili hivyo viwekwe pamoja. Mara nyingine picha ikikuzwa huonekana, juu kidogo ya bonde, ngazi tambarare ya ardhi ambayo mto uliiacha zamani ulipochimba chini zaidi, na ambayo hakuna aliyeichora.