Lile Bakuli Mrudishie Muuzaji

Samaki wa kwanza kuingia nyumbani kwetu aliishi siku nne. Wa pili alijitahidi, akamaliza wiki. Walikuja pamoja, samaki wa dhahabu wawili ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, na bakuli la kioo la lita nne hivi, kokoto za bluu na kopo la chakula. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka saba. Muuzaji alinipa maelekezo mawili tu: walishe mara tatu kwa siku, na maji yakichafuka mwaga yote uweke mengine. Nilifuata yote mawili bila kukosea, na ndivyo nilivyowaua.

Asubuhi ya siku ya tatu niliwakuta juu kabisa, midomo imegusa hewa, wanafumbua na kufumba. Maji yalikuwa meupe kama uliyooshea mchele. Binti akafurahi, "Mama, wanaomba chakula!" Nikawaongezea.

Haikuwa njaa. Samaki hutoa uchafu wake mwingi si kwa kinyesi bali kwa matamvua, yale mekundu unayoyang'oa jikoni unapotengeneza samaki. Unatoka kama amonia, ile ile inayochoma pua kwenye choo kisichomwagiwa maji. Ziwani inapotea. Ndani ya lita nne haina pa kwenda, inamrudia mwenyewe na kumuunguza matamvua yale yale anayopumulia. Kila kibano cha chakula nilichodondosha kilikuwa amonia ya jioni.

Halafu nikamwaga maji yote na kujaza ya bomba, yananuka dawa. Klorini imewekwa humo iue vijidudu sisi tusiumwe matumbo, na haichagui.

Jirani alinipa pole akasema, "Hao wa urembo hawanaga maisha." Nimeshaisikia kauli hiyo mara nyingi, na siku hizi inanikera. Samaki wa dhahabu anaishi miaka kumi na zaidi akitunzwa. Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish, alishindaniwa kwenye maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999. Miaka 43! Huyo ana umri wa kuitwa shangazi. Asiye na maisha ni bakuli.

Msimamo wangu ndio huu, najua wauzaji hawataupenda: samaki na tangi visinunuliwe siku moja. Tangi litangulie mwezi mzima. Sababu ni kwamba tangi huiva. Kuna bakteria wanaoota kwenye sponji ya chujio na kwenye kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia hadi utakapopunguza maji. Kuwapata wa kutosha huchukua wiki nne mpaka sita. Unawasha pampu ya hewa, unadondosha punje chache za chakula zioze humo bila samaki yeyote, unasubiri. Wageni watakuuliza kwa nini umeweka maji tupu sebuleni. Waache waulize.

Likishaiva, kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kila Jumamosi natoa robo ya maji, narudishia mengine yaliyotiwa matone ya kuondoa klorini. Wengine hulaza ndoo wazi siku nzima klorini iruke, nayo inafaa, ila kama maji yametiwa kloramini, aina ya klorini isiyoruka kirahisi, kulaza hakusaidii. Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Usidanganywe na macho yao: samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea akiba, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo ataomba hata dakika tano baada ya kula.

Sponji nilishaharibu mara moja. Niliifua kwa sabuni ya unga ikawa nyeupe pee, nikajiona mama wa usafi. Wiki ile maji yakarudi kuwa ya mchele, kwa sababu ule utelezi wa kahawia niliousugua ndio waliokuwa wafanyakazi wangu. Sasa naiminya tu ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe.

Na umeme? Ukikatika, acha kulisha. Nina kipampu cha betri, lakini kabla sijakipata nilikuwa nachota kikombe na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, kama anayepoza chai ya mtoto. Inaingiza hewa.

Kitu kingine kinachonisumbua ni aina ya samaki tunaouziwa hapa Dar es Salaam. Samaki wa dhahabu ametokana na Uchina, anapenda maji ya baridi kiasi, nyuzi 18 hadi 23. Tangi langu mwezi Machi linafika 31, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Ni kumvalisha mtu sweta Kariakoo saa saba mchana. Wakati huo huo wafugaji wa Ujerumani wanatafuta kwa udi na uvumba samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wao hawapatikani pengine popote duniani. Wanazoea joto, na wanapenda maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye birika.

Ilinichukua miezi kuwapata, lakini sasa ninao wadogo wa ziwa hilo, hata kidole changu wanashindwa urefu, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Kila mmoja na lake. Ukisogeza kombe kidogo wakati wa kusafisha, mwenyewe anatoka, anakuangalia, kisha anaanza kuhamisha mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, hadi kombe likae alivyolitaka. Binti yangu, ambaye sasa ana kumi na moja, amewapa namba za nyumba.

Juzi nilikwenda kununua chakula chao. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja na mtoto wa kiume, wameshika mfuko wa nailoni na bakuli, lile lile, na kokoto za bluu. Nikashindwa kunyamaza.

"Kaka, samahani. Hilo bakuli mrudishie, chukua tangi kwanza, samaki uje uwachukue mwezi ujao."

Akamtazama mtoto, akatazama mfuko. "Dada yangu," akasema taratibu, "huyu ameshawapa majina."

Nikampa namba yangu ya simu. Usiku akanipigia kuuliza kama ndoo ya lita ishirini itafaa kwa kuanzia.