Fulana za darasa zinaweza kusubiri

Desemba darasa letu la kidato cha sita linakutana Tabora, na mimi niliye Hamburg nimepewa kazi ya kuwatafuta waliopotea. Sababu niliyopewa ni kwamba "wewe huko una intaneti ya uhakika." Sikubisha, ingawa wenzangu wa Dar wanapiga simu za video wakiwa kwenye foleni Ubungo bila kukatika, na mimi hapa nikiingia tu kwenye treni ya chini ya ardhi nakuwa kiziwi.

Basi nimekuwa nikipiga simu kila jioni. Nilidhani nawaunganisha watu. Kumbe waliopotea walikuwa wamepotea kwetu sisi tulio nje tu. Yule kiranja wa chakula, ambaye tulikuwa tukimnyenyekea kwa ajili ya ukoko, yuko Urambo na tumbaku yake, na nusu ya darasa walikuwepo alipomzika mama yake. Mwingine niliyehangaika kumsaka mitandaoni alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mwenzetu mwaka jana tu. Walioko nyumbani hawajawahi kuacha kukutana. Wanakutana kwenye misiba, kipaimara na sendoff. Huu mkutano wa Desemba, tuseme ukweli, unafanywa kwa ajili yetu tulio mbali. Wao wanachobishana sasa ni usafiri: kuna wanaotaka treni mpya ya SGR hadi Dodoma kisha basi, na kuna wanaoapa kwamba bila treni ya zamani na kuku wa stesheni ya Saranda hiyo si safari ya Tabora.

Kinachowafanya wasipoteane ni michango. Kamati inaundwa, mweka hazina anateuliwa, na kila jioni orodha inabandikwa kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Ukiwa hujatoa kitu, sifuri yako inasomwa na watu waliokuona ukilia kwa kukumbuka nyumbani ukiwa kidato cha tano. Ndugu zangu wa diaspora wanaichukia sana orodha hiyo, hasa tangu kilipotangazwa kiwango cha dola kwa ajili yetu. Wanasema huku Ulaya mtu haishi kwa kuchangishwa.

Hilo si kweli. Huku nachanga kila mwezi, na sijawahi kuulizwa kama nina nafasi. Bima ya afya pekee ni asilimia 14.6 ya mshahara, ukiacha nyongeza inayotozwa juu yake. Nusu natoa mimi, nusu mwajiri. Hapo sijagusa pensheni, bima ya kukosa kazi, wala ile ya kutunza wazee. Nimemlipia mguu mtu aliyevunjika akiteleza kwenye theluji huko Bavaria, hanijui wala simjui. Mtoto wangu alipozaliwa, na yeye alilipiwa na watu wasiojua jina lake. Tulitoka hospitali bila mtu kutupitishia daftari. Utaratibu huu Wajerumani waliuanza 1883, enzi za kansela wao Bismarck. Mwaka 1912 wakafikisha reli Tabora, hiyo hiyo iliyotupeleka shule na waranti zetu za safari mkononi. Reli walituletea; bima wakabaki nayo kwao.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wazungu hawana utu. Upo, ila umehamishiwa kwenye makato ya mshahara. Mzee wa ghorofa ya chini hapa kwangu anajiwa na muuguzi kila asubuhi, akilipiwa na bima. Mgeni mwingine kwake sijamwona. Wajerumani wamefanikiwa kuwatunza watu bila kuwajua, na hasara yake inaonekana mlangoni kwa huyo mzee.

Lakini upande wetu nao una hasara yake, na wiki hizi za kupiga simu zimenionyesha. Mwenzetu mmoja figo zimegoma. Anasafishwa damu kila wiki, na bima yake ilikwisha alipopoteza ajira. Wanaoishi mji mmoja naye wamekuwa wakimchangia, kwa orodha kama kawaida. Walionisimulia hawakulalamika, ila niliiomba orodha nikaitazama mwezi kwa mwezi, na inafupika. Si roho mbaya. Ni watu wale wale wenye ada za watoto, wenye misiba mingine, wenye ahadi nyingine tatu katika makundi mengine. Mchango wa majina unafaa sana kwa jambo lenye tarehe. Harusi ina Jumamosi yake, msiba una siku ya kuzika. Figo hazina siku ya kumaliza, na hapo ndipo marafiki wa dhati kabisa wanachoka na kuanza kuonekana wabaya.

Nikaandika pendekezo. Kiwango cha diaspora nakikubali, na nitalipa mapema, ila kisiende kwenye fulana, kofia na bendi. Kilipie bima ya wenzetu wasio na ajira rasmi, mwaka hadi mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, lakini sheria haimlipii mtu mchango wake akiwa hana kitu. Wala jina la anayelipiwa lisibandikwe popote. Mweka hazina na hospitali wakijua, inatosha. Orodha za harusi na misiba ziendelee vile vile, na sifuri zake.

Mmoja akajibu kwamba nimekaa mno Ujerumani. Mwingine akasema tukianza kulipiana kimya kimya hakuna atakayejua nani alitoa, na baada ya miaka miwili hakuna atakayetoa; hoja hiyo sijapata jibu lake, kwa sababu huku serikali ndiyo inayonishika shati, na darasa halina uwezo huo. Mwenzetu aliye muuguzi Nzega alinipigia pembeni kuniambia yuko tayari tuanze na huyo mgonjwa wa figo mwezi ujao. Kamati yenyewe ilijibu asubuhi yake: wazo ni zuri, litajadiliwa, lakini fulana zimeshaagizwa, kwa hiyo tutume saizi zetu.