Takwimu za mwaka wa kwanza wa uchumi: kalamu, kompyuta, na swali la nani alihesabiwa

Namba 96 imezoeleka katika kazi za kumaliza masomo, zile TFC na memwari, za wanafunzi wa uchumi hapa Lubumbashi. Mwanafunzi anataka kujua, tuseme, ni asilimia ngapi ya familia za komini ya Katuba zinanunua unga wa bukari kwa kipimo kidogo cha kila siku badala ya mfuko wa kilo 25. Anachukua fomula na kuweka 1.96 kwa uhakika wa asilimia 95. Anaweka 0.5 kwa kuwa uwiano halisi haujui, anakubali kukosea kwa pointi 10 juu au chini, na hesabu inampa familia 96. Anayetaka kosa lisizidi pointi 5 anapata 384, mara nne ya zile za kwanza, kwa sababu ukitaka kupunguza kosa kwa nusu sharti uongeze sampuli, yaani zile familia chache zinazoulizwa kwa niaba ya zote, mara nne. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Halafu anatoka na karatasi zake za maswali. Anawajazisha majirani, wenzake wa darasani, akina mama wauzaji wa njia anayopita kila asubuhi, hadi 96 zitimie. Hapo fomula haina kazi tena. Ilitungwa kwa sampuli ya kura, ambamo kila familia ya Katuba, hata ile ya mwisho wa avenyu isiyojulikana na mtu, ilikuwa na nafasi sawa ya kuangukiwa. Kosa la pointi 10 lililoandikwa kwenye ukurasa wa mbinu halipimi kitu chochote.

Naliweka hili mbele kwa sababu tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, kozi nyingi zimeandikwa upya, na kwa kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza mabishano yamebaki kwenye chombo. Wako wanaosema mwanafunzi ahesabu kwa mkono na kikokotozi kidogo, kama walivyofanya waliomtangulia. Wengine wanataka akae mbele ya kompyuta tangu wiki ya kwanza.

Wa kalamu wana hoja nzito, na si za ukaidi wa wazee. Mtu aliyehesabu variansi, kipimo cha namba zinavyotawanyika, ya namba kumi kwa mkono wake anajua inatoka wapi: ameona namba moja kubwa ikivuta matokeo yote. Chukua familia kumi, tisa zikiwa na mapato ya dola 100 kwa mwezi na moja, ya mkubwa wa kampuni ya madini, dola 3,100. Wastani ni dola 400, ilhali mediani, ile namba inayokaa katikati, ni 100. Katika mji unaoishi kwa shaba, mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo mwenyewe hatashangaa akisikia pato la taifa limekua mwaka ambao sufuria ya nyumbani kwao haikujaa zaidi. Kuna pia hali halisi: umeme unakatika, darasa limejaa, mashine ni chache, na mtihani lazima ufanyike siku iliyopangwa. Karatasi haingoji umeme.

Ila wanachotetea si hesabu ya namba kumi peke yake. Sehemu kubwa ya kozi ya zamani ni mbinu za kurahisisha kazi ya mkono: kugawa data katika matabaka, kutafuta modi, ile namba inayojirudia zaidi, ndani ya tabaka kwa kukadiria, kubadilisha asili na kipimo cha namba ili majumlisho yawe madogo. Mbinu hizo zilikuwa na akili kubwa wakati wake. Leo zinakula majuma mazima, na mwanafunzi anamaliza kozi bila kuchora hata mchoro mmoja wa data alizokusanya mwenyewe.

Hapo wa kompyuta wanapata nguvu. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga majedwali manne, kila moja lenye jozi 11 za namba. Wastani ni ule ule, variansi karibu sawa, mstari wa regresheni, ule unaopitishwa katikati ya nukta, ni ule ule. Ukiyachora, la kwanza ni wingu la kawaida, la pili ni mkunjo, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotoka, na la nne nukta zote zimepangana wima kwenye mstari mmoja isipokuwa moja tu. Anayehesabu bila kuchora hataona tofauti yoyote. Kwa kompyuta michoro hiyo ni kazi ya dakika. Na gharama si kisingizio tena: R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika chuo kikuu cha Auckland, ni ya bure. Chama cha wanatakwimu wa Marekani, katika mwongozo wake wa kufundisha takwimu vyuoni wa 2005 na ule wa 2016, kinashauri data halisi na teknolojia, na maana kabla ya fomula.

Nakubaliana nao kwa mengi. Lakini mashine haimlindi mtu asiyeuliza. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala yaliyosomwa na mawaziri wa fedha: nchi tajiri ambazo deni la serikali linazidi asilimia 90 ya pato la taifa zilionekana kukua kwa wastani wa asilimia -0.1 kwa mwaka. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na Michael Ash na Robert Pollin, walilipitia faili la Excel ambamo hesabu ya makala hayo ilifanywa. Nchi tano, Ubelgiji ikiwemo, hazikuingia kwenye hesabu kwa sababu fomula haikufika mistari yake. Baadhi ya miaka ya nchi nyingine ilikuwa imeachwa, na namna ya kuzipa nchi uzito ilikuwa na utata. Yote yaliporekebishwa, wastani ulipanda hadi asilimia 2.2.

Tazama kosa lenyewe. Kugawa na kujumlisha kulikuwa sawa. Kilichokosekana ni nchi na miaka ambayo haikuhesabiwa. Ndilo kosa la yule mwanafunzi wa Katuba, ingawa yeye alitumia kalamu na hawa walitumia kompyuta. Ndiyo maana naona pande zote mbili zinagombania jambo la pili, chombo cha kuhesabia, na kuliacha la kwanza, nani alihesabiwa.

Na sisi Wakongomani ndio tunaolihitaji jambo hilo la kwanza kuliko wengi. Sensa yetu ya mwisho ni ya Julai 1984, iliyotoa watu wapatao milioni 30.7. Kila idadi ya Wakongo unayoisikia leo ni makadirio. Tunachojua kuhusu kazi, biashara ndogo na matumizi ya kaya kimetoka kwa sehemu kubwa katika sampuli, kama ule utafiti wa awamu tatu uitwao 1-2-3, uliofanywa mwaka 2005 na 2012. Hata kabla ya uhuru, kati ya 1955 na 1957, nchi ilipimwa kwa sampuli iliyochukua zaidi ya asilimia 10 ya watu. Mwanauchumi anayetoka chuoni hapa bila kujua sampuli inavyochaguliwa hana namna ya kusoma namba za nchi yake.

Kwa hiyo kozi ingeanza hapo. Utachaguaje familia za Katuba bila orodha ya sensa? Unaweza kwenda kwa mkuu wa mtaa, kuandika avenyu zote, kupiga kura ya avenyu chache, kisha kura ya viwanja ndani ya kila moja. Mara moja linazuka swali zito: majirani wanafanana. Wanachota maji pamoja na kununua unga kwa mama mmoja, kwa hiyo nyumba kumi za avenyu moja hazileti habari ya nyumba kumi zilizotawanyika. Sampuli ya 96 iliyokusanywa hivyo ina uzito mdogo kuliko 96 ya fomula, na mwanafunzi anatakiwa kulisema hilo katika kazi yake. Wapangaji wa chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, wasioandikwa na mtu, nao anawahesabuje?

Wapo watakaopinga kwamba nadharia ya sampuli inadai uwezekano, yaani hesabu ya bahati, na uwezekano unafundishwa baadaye. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu lake liko katika kazi ya William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeandika kwa jina la Student mwaka 1908. Shida yake ilikuwa sampuli ndogo mno. Mbali na hesabu, alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya, akavitoa vinne vinne, sampuli 750, ili aone wastani wake unavyotawanyika. Alifanya kwa mikono jambo ambalo leo R inalifanya kwa sekunde.

Darasa letu linaweza kufanya hivyo hivyo. Karatasi 200, kila moja na matumizi ya kaya moja kwa unga. Kila mwanafunzi anachota kumi, anahesabu wastani kwa kalamu, anauandika ubaoni, anarudisha. Wastani mia mbili au mia tatu ubaoni zitaonyesha utawanyiko ambao fomula inauzungumzia, na wingi wa wanafunzi, unaolaumiwa kila siku, hapo unakuwa faida. Kompyuta moja ya mwalimu, umeme ukiwepo, irudie zoezi mara elfu kumi.

Mbinu za matabaka zipunguzwe ili nafasi ipatikane. Na katika utetezi wa TFC, jopo liulize orodha ilitoka wapi na kura ilipigwaje kabla ya kuuliza fomula. Kwangu mimi, familia 40 zilizopatikana kwa kura ya kweli, zikiwa na kosa la pointi kama 15 na nusu lililoandikwa waziwazi, zina thamani kuliko 384 za barabarani. Jopo likikubali hivyo, mwanafunzi asiye na pesa za kuzunguka mji mzima naye ataweza kufanya kazi safi. Gharama itawaangukia walimu na asistanti, watakaolazimika kuandika vitini upya na kutoka na wanafunzi kwenda mitaani, na muda huo vyuo vinapaswa kuwapa.